Kupata flaiwili inayoingiliana na injini ya zamani ya silinda sita

Mteja anayetupigia simu kuulizia flaiwili, yaani lile gurudumu zito la chuma linalofungwa nyuma ya kranki (shafti inayozungushwa na pistoni), huanza karibu kila mara kwa kutaja gari: ana Land Cruiser ya HZJ75, au ana FJ45 aliyoachiwa na mzee wake, na anataka kujua kama tunayo flaiwili yake. Swali ni la haki, lakini sisi hatuwezi kulijibu bila kuuliza mengine, kwa sababu Land Cruiser ambayo imepanda na kushuka Ngorongoro kwa zaidi ya miaka ishirini mara nyingi haina tena injini iliyotoka nayo kiwandani. Ikiwa injini ni ile ile, huenda gia boksi imeshabadilishwa. Na ikiwa gia boksi nayo ni ile ile, hukosi kukuta fundi fulani aliwahi kufunga klachi ya gari jingine siku ya dharura, akiwa porini na wageni wamekaa juani. Flaiwili hukaa kati ya kranki, klachi na stata, na ni lazima ikubaliane na vyote vitatu kwa pamoja.

Hapa Arusha injini za zamani za silinda sita tunazoletewa zaidi ni tatu, zote za Toyota: 2F ya petroli yenye cc 4,230, 2H ya dizeli yenye cc 3,980, na 1HZ ya dizeli yenye cc 4,163. Hizi mbili za mwisho huchanganywa sana kwa kuwa ukubwa wao unakaribiana na zote zimewahi kufungwa kwenye magari yanayofanana kwa sura, ilhali 2H ni injini ya valvu zinazosukumwa na fimbo na taimingi ya gia, na 1HZ, iliyoanza kuchukua nafasi yake mwaka 1990, ina kamshafti juu ya silinda hedi na taimingi ya mkanda. Kwa hiyo tunaomba namba iliyogongwa kwenye bloku yenyewe, baada ya kuisugua mafuta na tope kwa brashi ya waya. Kadi ya gari haitoshi, kwani si kila aliyebadilisha injini alikwenda kuibadilisha na kwenye kadi.

Tukishaijua injini tunaanza kupima upande wa kranki. Tunahesabu matundu ya boliti, kisha tunapima kipenyo cha duara la matundu hayo, na kazi hii ni rahisi matundu yanapokuwa ya idadi inayogawanyika kwa mbili: unaweka kalipa (kipimio cha chuma chenye taya) kwenye ukingo wa kushoto wa tundu moja, unaipeleka hadi ukingo wa kushoto wa tundu linalolikabili, na hapo umepata umbali kati ya vitovu vyake bila kubahatisha. Halafu tunapima tundu kubwa la katikati, ambalo wengi hulipuuza, ilhali ndilo linaloishika flaiwili isiyumbe, maana kazi ya boliti ni kubana tu. Tumewahi kuletewa flaiwili ambayo matundu yake yamepanuliwa kwa drili ili yaikubali kranki ya injini nyingine. Hiyo hatuifungi, hata mteja akisema atabeba lawama mwenyewe. Boliti nazo zina urefu wake, na boliti ndefu kuliko zile za awali inaweza kugota au kugusa kitu nyuma ya kranki kabla haijabana chochote. Sisi huweka mpya.

Kwa wenye 2F kuna jambo moja la ziada. Alama za taimingi za injini hii ziko kwenye flaiwili, na huonekana kupitia kidirisha kilichopo kwenye kasha la klachi: kuna mstari unaoonyesha pistoni imefika juu kabisa, na kuna goroli ndogo ya chuma iliyogongewa kwenye ukingo, inayoonyesha digrii 7 kabla ya pistoni kufika huko juu. Ukifunga flaiwili isiyokuwa na goroli hiyo, gari litawaka na kutembea vizuri, na hutaona kasoro yoyote hadi siku fundi atakapowasha taa ya taimingi, akachungulia kidirishani, akakuta chuma kitupu. Hapo ataanza kurekebisha kwa kusikiliza, na petroli ndiyo itakayolipia masikio yake.

Upande wa klachi ndio unaotuletea malalamiko mengi. Presha pleti, yaani sahani inayoibana klachi pleti kwenye flaiwili, ina boliti zake na pini zake za kuiongoza, na klachi pleti ya milimita 275 haiwezi kukaa mahali palipokatwa kwa ajili ya 250. Haya kila mtu huyaona kwa macho. Kisichoonekana ni kina, yaani umbali kutoka uso unaokaa kwenye kranki hadi uso unaosuguliwa na klachi. Mwaka jana tuliletewa gari la watalii ambalo flaiwili yake ilinunuliwa mahali pengine na kufungwa bila tatizo, boliti zote zikaingia kwa mkono, lakini dereva alipokanyaga klachi hadi chini, gia ya kwanza na ya rivasi zilikuwa bado zinalia. Fundi wa kwanza alibadilisha masta ya klachi (pampu ya kwenye pedali), kisha slevu (ile ya chini inayosukuma klachi), kisha akarefusha fimbo ya slevu hadi uzi ukaisha. Tulipoishusha gia boksi na kulaza rula ya chuma juu ya flaiwili, tulikuta uso wake umekwenda ndani milimita 4 kuliko ile ya zamani, ambayo kwa bahati njema ilikuwa bado imetupwa nyuma ya siti. Hiyo iliyonunuliwa iliwahi kuchongwa mara nyingi mno, na beringi ya klachi haikuwa na safari ya kutosha kuifikia presha pleti na kuisukuma. Mteja alikuwa ameshanunua masta na slevu ambazo hakuzihitaji.

Ikumbukwe pia kwamba baadhi ya flaiwili ni bapa na nyingine zina ngazi, presha pleti ikikaa juu na klachi ikisugua chini. Yenye ngazi ikichongwa, nyuso zote mbili hupunguzwa kwa kiasi kile kile, la sivyo mbano wa klachi hubadilika.

Kuhusu stata, tunahesabu meno ya ringi, yaani duara la meno lililo kwenye ukingo wa flaiwili, moja baada ya jingine, tukianza na jino tulilolitia alama ya chaki, na tunahesabu na meno ya gia ndogo ya stata, hasa kwenye injini zilizotumika zinazotoka Japani, ambazo nyingi huja na mfumo wa volti 24 wakati magari yetu mengi ni ya volti 12. Hatudhani kwamba stata moja itaingia mahali pa nyingine. Tunaviweka viwili hivyo juu ya meza na kuvisagisha kwa mkono. Anayesikia stata ikikwaruza mara moja na kushika mara inayofuata aitazame ringi kwa makini, maana atagundua kwamba meno hayakulika kila mahali. Injini ya silinda sita hukamua hewa mara tatu katika kila mzunguko wa kranki, hivyo inapozimwa husimama katika moja ya sehemu tatu zile zile, na stata hugonga meno yale yale kwa miaka yote. Flaiwili ya namna hiyo haina haja ya kutupwa. Ringi hupashwa moto ikatoka, ikazungushwa kwa sehemu moja ya sita ya duara na kurudishwa, na meno mazima yakaja mahali pa yaliyolika; au ikawekwa ringi mpya, kwa joto la takriban sentigredi 200, ambapo hudondoka mahali pake kwa uzito wake yenyewe. Ikipashwa hadi kuwa nyekundu, ugumu wa meno umekwisha.

Wanaonunua injini iliyotumika tunawaomba waulize mapema kama ilitoka kwenye gari la otomatiki. Injini ya namna hiyo huja na sahani nyembamba ya bati mahali pa flaiwili, na boliti zake ni za sahani hiyo. Kufunga gia boksi ya mkono kama H55F kutahitaji flaiwili kamili, boliti zake, klachi nzima, na ile beringi ndogo inayoshika ncha ya shafti ya gia boksi katikati ya kranki, ambayo kwenye injini ya otomatiki kwa kawaida haikuwekwa. Bei ya injini iliyoonekana nafuu ihesabiwe pamoja na hivyo vyote.

Kabla ya kukuuzia nyingine tutaiangalia ya zamani. Madoa ya buluu na nyufa nyembamba kama nywele juu ya uso kwa kawaida huondoka kwa kusagwa kwa jiwe, kazi ambayo tunaipendelea kuliko kukereza kwa kisu, kwa kuwa kisu huruka kila kinapofika kwenye doa gumu. Ufa uliofika kwenye tundu la boliti ni habari nyingine. Flaiwili yenye kipenyo cha milimita 350 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda kasi ya zaidi ya kilomita 260 kwa saa, karibu kabisa na miguu ya dereva, na hakuna welding tutakayoiamini hapo. Tunakataa vilevile kuipunguza uzito kwa ajili ya gari la kazi, kwani uzito huo ndio unaoliwezesha lenye abiria na mizigo kuondoka kwenye mlima bila kuzima.

Unapokuja, lete flaiwili ya zamani hata kama imepasuka, klachi pleti, stata, na picha ya namba ya injini. Walio mbali wanaweza kuituma kwa basi: ni mzigo unaoweza kupita kilo 15, kwa hiyo ufungwe kwenye gunia na kulazwa juu ya kipande cha ubao, boliti za zamani zikiwa kwenye mfuko wake ndani, na mpokea mizigo aambiwe asiuviringishe chini kama tairi, kwa sababu tumeshapokea zaidi ya moja ikiwa na meno yaliyovunjikia stendi.