Ile komenti yako ifute

Mwanangu,

Za huko? Nimeiona komenti uliyoandika kwenye video ya yule mama, eti "kauza damu ya mwanae" kwa kuwa kasema kwenye tivi ya serikali kwamba kijana wake alikufa kwa ajali sio kwa risasi. Sikutaka kukujibu palepale mbele ya wenzako ndio maana nakuandikia huku pembeni.

Sikia. Mwaka 2022 kule Iran, binti mmoja, Mahsa Amini, alipofia mikononi mwa polisi wa maadili, wale wanaokagua mavazi ya wanawake, watu wakaingia barabarani, na binti wa miaka 16, Nika Shakarami, akapotea Tehran kwenye maandamano, siku zikapita ndio familia wakaonyeshwa maiti. Serikali ikasema kaanguka kutoka kwenye jengo. Alafu dada wa mama yake pamoja na mjomba wake wakakamatwa, na muda si mrefu wakaonekana kwenye tivi wakisema yaleyale ya serikali. Mama mzazi akatoka akasema hao ndugu zangu wamelazimishwa. Sasa wewe ungewaona siku ile ungeandika nini? Ungewaita wasaliti, na serikali ingefurahi sana maana hiyo video ilitengenezwa kwa ajili ya mtu kama wewe.

Maiti ya Nika nayo ilichukuliwa ikazikwa kijiji ambacho familia haikuchagua. Mwezi wa 11 mwaka huohuo mtoto wa miaka 9, Kian Pirfalak, alipigwa risasi ndani ya gari la baba yake mji wa Izeh, familia wakailaza maiti nyumbani wakaizungushia barafu kwa kuogopa isije ikaibiwa mochwari. Yaani mtu anafiwa na mtoto alafu anakesha kuilinda maiti!

Najua utauliza wanaogopa nini na mtu keshakufa. Wanaogopa arobaini, mwanangu. Na wenzetu kule wanayo, na arobaini ya Mahsa maelfu ya watu walitembea kwa miguu hadi makaburini Saqqez, mji wa kwao, msiba ukawa maandamano mapya. Ndio maana wazazi wa Pouya Bakhtiari, aliyeuawa kwenye maandamano ya Novemba 2019, walikamatwa siku chache tu kabla ya arobaini ya mtoto wao. Na wazazi wa Mahsa walipotaka kwenda Ulaya mwaka 2023 kupokea tuzo ya binti yao, wakazuiwa uwanja wa ndege na pasipoti zikachukuliwa.

Sasa wapo wazazi wanaokomaa, kama Ding Zilin wa China ambaye mwanae wa miaka 17 aliuawa Beijing mwaka 1989 jeshi lilipovunja maandamano, na mama huyo akaendelea kudai haki miaka na miaka huku askari wakimchunga mlangoni kila tarehe 4 mwezi wa 6 ikikaribia. Mimi huyo namvulia kofia. Ila sio kila mtu ana huo moyo, na mwingine amebakiwa na watoto wengine ndani, akiambiwa "na huyu mdogo unampenda?" atasaini karatasi yoyote utakayomletea. Hata mimi ningesaini, nakuambia ukweli, na ningeisoma mbele ya kamera neno kwa neno ili wewe urudi nyumbani.

Kwahiyo ifute leo. Ukitaka kuandika kitu uliza nani alimshikia kamera huyo mama na alikaa mikononi mwao siku ngapi kabla ya kurekodiwa.

Baba yako