Popeye kahamia mtoni

Shosti wangu Neema,

Mambo vipi mwenzangu? Uliponiuliza zile picha za vimihuri vya katuni ninazokutumia ni za nini, nilianza kukujibu kwa meseji, vidole vikachoka hata nusu sijafika, nikasema ngoja nimwandikie barua kabisa. Kwa hiyo tafuta pa kukaa.

Iko hivi. Kuna mchezo unaitwa letaboksi. Mtu anachukua kijikasha cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, kile kisichopitisha maji, anaweka ndani daftari dogo na muhuri aliouchonga mwenyewe kwa mkono, anaenda kukificha mahali, halafu anaandika namna ya kukifikia, ila hakwambii moja kwa moja, anakupa kwa mafumbo. Wewe unaenda na daftari lako, muhuri wako na pedi ya wino. Ukikipata, ule muhuri wa kwenye kasha unaugonga kwenye daftari lako, wa kwako unaugonga kwenye daftari la kasha, unaandika tarehe na jina lako la njiani (la kwenye kitambulisho halitumiki huku), kisha unarudisha kila kitu na kukificha vile vile ulivyokikuta. Basi. Hamna zawadi, hamna hela, hamna wa kukupigia makofi. Najua ushaanza kucheka, cheka tu.

Na usidhani ni kitu cha juzi. Kilianza 1854 huko Dartmoor, Uingereza, nyika moja hivi ya mawe na matope na ukungu. Kulikuwa na bwana anaitwa James Perrott, kazi yake kuongoza wageni, akaweka chupa sehemu inaitwa Cranmere Pool ambako kufika tu ni shughuli, ili anayefika aache kadi yake humo ijulikane kweli kafika. Baadaye watu wakawa wanaacha postikadi zenye anwani, anayefuata akizikuta anaondoka nazo akazitume posta. Yaani barua yako ifike au isifike inategemea kama kuna kichaa mwingine atajitosa kwenye yale matope! Mihuri ilikuja baada ya hapo. Marekani mchezo ndo ulishika moto baada ya 1998, jarida la Smithsonian lilipoandika habari yake. Ule wa kutafuta vikasha kwa GPS, ile ya satelaiti inayokuonyesha ulipo, ni mdogo wake, huo ulianza Mei 2000, serikali ya Marekani ilipoacha kuivuruga GPS ya raia. Wanaoupenda waupende, mimi simu ikiniambia bado mita tano naona ishanimalizia utamu.

Sasa kilichonimaliza mimi ni hii njia ya makasha ya kando ya mto. Aliyeitengeneza kaamua kila kasha ni katuni moja, na si katuni za watoto wa sasa, ni zile zetu bana, zile tulizokuwa tunagombania kukaa mbele mpaka tunaambiwa turudi nyuma tutaharibu macho. Nilienda na dada na wanae wawili. Fumbo la kwanza lilisema baharia mwenye jicho moja kachoshwa na chumvi kahamia maji baridi, vuka daraja la miti, shika ukingo wa kulia, kwenye mti uliolala hesabu hatua thelathini kuacha maji.

Dada akaanza ubishi hapo hapo darajani. Kulia kwa nani, kwa anayeenda au anayerudi? Na kwa kweli ni swali la maana, ukilikosea unashinda upande ambao hamna kitu. Mto una kulia kwake na kushoto kwake: unasimama unatazama maji yanakoelekea, upande wa mkono wako wa kulia ndo ukingo wa kulia, hata kama wewe mwenyewe unatembea kupandisha kuelekea chanzo. Dada hakuamini, akamuuliza mzee mmoja aliyekuwa anavua samaki, mzee akajibu hivyo hivyo bila hata kugeuka. Halafu suala la hatua nalo, hatua za nani? Mtoto wa miaka saba alihesabu thelathini zake akaishia njiani, akaanza kufukua majani kwa uhakika kabisa, tukamwacha kidogo maana alikuwa na furaha mno.

Tulikikuta katikati ya mizizi, kimezungushiwa solotepu ya rangi ya majani makavu, unaweza ukakikanyaga usijue. Shosti, ule muhuri! Jicho moja limefumba, kiko cha tumbaku mdomoni kimeinuka juu, na kwenye ule mkono uliovimba kuna nanga haizidi ukucha wa kidole kidogo lakini hadi tundu lake la juu limechongwa. Yule Popeye unajua alianza gazetini, 1929, kama mpita njia tu kwenye katuni ya watu wengine ya E. C. Segar, akapendwa mpaka akawapora wenyewe hadithi yao. Ila daftari lilikuwa na unyevu, kurasa zimeshikana, muhuri wa mtu mmoja wa mwanzo umechuja wote umebaki wingu la bluu. Hapo mficha kasha nina ugomvi naye kidogo. Ukitaka kujua mto unapanda mpaka wapi angalia matawi, zile nyasi kavu na takataka zilizonasa juu ndo alama ya maji ya mafuriko, na pale zilikuwa juu ya kichwa cha dada. Kasha la mtoni linatakiwa likae juu ya hiyo alama, tena sio kwenye ukingo wa nje wa kona maana huko maji ndo yanakula udongo, mti wenye mizizi mizuri leo kesho uko ndani ya mto. Daftari tulilikausha na leso, tukaliwekea kimfuko kipya cha plastiki cha kubana, tukarudisha. Wino nao uangalie, ule wa kawaida wa ofisini ukiguswa na maji unakimbia, wa pigimenti, yaani wa chembe za rangi, ndo unavumilia.

Kitu kingine, ukifika kwenye kasha hutoi mbele ya watu. Mmoja anatafuta, wengine wanazuga. Dada kwenye kuzuga ni bingwa, anafunga kamba za viatu ambavyo havina kamba.

Tom na Jerry wana makasha mawili, na hapa ndo nilipoona huyu mtu ana akili. Fumbo la kasha la kwanza linasema tu mtafute Jasper. Dada akashika simu agugo, nikamwambia weka chini, Jasper ndo Tom mwenyewe, kwenye ile filamu ya kwanza kabisa ya 1940 aliitwa hivyo kabla hawajambadilisha. Ndani ya kasha kuna kikaratasi: gonga ukurasa wa kushoto, wa kulia uache wazi. Tukatii. Tukatembea mwendo mrefu, njia inaacha mto inarudi tena, tukampata Jerry kwenye uwazi wa ukuta wa mawe (jiwe moja tu linatoka, hubomoi ukuta wa watu), tukamgonga kulia. Ukifungua daftari sasa, Tom anakuja mbio toka kushoto mkono umenyooka, kucha zake zinaishia kwenye mshono wa katikati, na Jerry upande wa pili kageuza kichwa anacheka. Ukilifunga daftari Tom anamdaka! Watoto walilifungua na kulifunga lile daftari mpaka nikaogopa litachanika.

Road Runner, yule ndege wa mbio, sikwambii sana maana nataka ukaonje mwenyewe. Itoshe kusema ukifika mahali ulipoelekezwa unanyanyua jiwe, unakuta kikaratasi kilichopigwa laminesheni kimeandikwa "mip mip!" na fumbo jipya la kukurudisha ulikotoka. Dada alitukana kwa ustaarabu.

Sasa sababu ya yote haya. Nataka tutengeneze njia ya makasha ya kwetu mimi na wewe, na nakutaka wewe kwa sababu ulikuwa unajaza katuni nyuma ya madaftari ya hesabu na mimi nakuuliza utanichorea lini. Katuni za zamani zinafaa kuchongwa kuliko picha yoyote, na sababu yake ni kazi. Filamu ni picha 24 kwa sekunde moja, ya dakika saba inapita picha elfu kumi, hata kama mchoro mmoja unatumika mara mbili bado ni maelfu ya michoro ya mkono, kwa hiyo wachoraji wakapunguza kila kinachopunguzika, mstari mmoja mnene wa nje, macho duara, hadi vidole wakavifanya vinne, mhesabie Mickey uone. Zile glavu nyeupe nazo alivalishwa 1929 ili mikono isipotelee kwenye mwili mweusi. Na mchonga muhuri ana shida zile zile: chochote chembamba kinakatika, chochote cheusi juu ya cheusi kinapotea. Kwa hiyo kazi nusu walishatufanyia.

Kuchonga kwenyewe si kugumu. Unachora kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, unailaza kifudifudi juu ya raba ya kufutia, unasugua kwa ukucha, penseli inahamia kwenye raba ikiwa imegeuka, na ukija kugonga inageuka tena inakaa sawa. Ndo maana ukihamisha hivyo hata herufi haziwi shida, lakini ukichora moja kwa moja juu ya raba jina lako litasomeka kinyumenyume. Unachokata ni cheupe, cheusi unakiacha kimesimama. Kisu ukilaze kidogo kikate kwa mteremko kwenda nje ya mstari, usichimbe chini ya mstari, ukiukatia chini unalegea na siku ya kugonga unakunjika. Kwenye kona zungusha raba, mkono wenye kisu utulie. Na gonga gonga majaribio katikati ya kazi, maana ukishakata hurudishii.

Mahali nishapaona, juu ya alama ya maji, na nimeshawauliza wanaosimamia eneo lile, wamekubali mradi tusichimbe wala tusipigilie msumari kwenye mti. Mimi namchukua Pink Panther, mwili wote ni mistari mirefu, hata mimi nitamweza. Wewe nakupa Scooby-Doo, yule mbwa wa kusaka mizimu, na fumbo lake uandike wewe, liwe na mzimu ambao mwisho wa siku ni mtu tu kavaa kinyago, si unakumbuka kila wiki ilikuwa hivyo na kila wiki wewe unajifunika khanga. Nichoree kwa maka pen nene, usitumie kalamu, ukubwa usizidi kiganja, na madoa yake ya mgongoni yaache meusi usiyajaze vistari. Halafu fikiria jina lako la njiani na picha ya muhuri wako mwenyewe, huo mimi sikuchongei, kila mtu anachonga wa kwake. Wangu ni kobe. Usiulize kwa nini, muulize dada, atakwambia nikitembea ninavyokuwa.

Nitumie mchoro kabla mvua hazijaanza, nataka tufiche tukaone mto ukijaa unafika wapi.

Wako,
Kobe