Makala yenu imenipozea lundo la mboji

Mhariri,

Kwa miaka kumi na tisa nimelisoma gazeti lako bila kukuandikia hata mstari. Makosa ya tahajia nimeyameza, fumbo la maneno lisilo na jibu nimelimeza. Lakini ile makala ya afya ya wiki tano zilizopita, yenye picha ya bakteria mwenye meno ya msumeno, imenikwama kooni.

Mwandishi wenu alitangaza kwamba udongo "umejaa vijidudu", kana kwamba ameufumania. Ndiyo, umejaa. Gramu moja ya udongo wenye afya inaweza kubeba bakteria bilioni nzima. Ila humo wanafanya kazi gani, hakuuliza. Alirukia moja kwa moja kwenye dawa za kuwaua.

Nyuma ya nyumba nina lundo la mboji. Nalilisha majani makavu na nyasi mbichi, nalinyunyizia maji, nalipindua likianza kunuka. Likishika kasi, chomeka fimbo katikati, subiri kidogo, ichomoe: huwezi kuishika kwa muda, maana ndani joto hufika nyuzi 60 za Selsiasi. Hakuna aliyewasha moto. Ni bakteria wanakula, na joto lao hilo linatosha kuua vijidudu vingi vya magonjwa, vile vile ambavyo mwandishi wenu vinamkosesha usingizi. Sasa mpwa wangu, kijana mwenye nia njema anayeamini kila kilichochapwa, alisoma makala yenu asubuhi. Kufikia jioni alikuwa amelimwagia lundo langu chupa nne za dawa ya kuua vijidudu. Alinipokea mlangoni anatabasamu: "Mjomba, nimekusafishia ile takataka." Kesho yake nikachomeka fimbo. Baridi. Lundo lililokuwa likifuka mvuke alfajiri lililala siku kumi kama maiti. Nikalichambua kwa mikono, nikalichanganya na udongo wa chini ya mti, nikangoja. Wiki ya tatu mvuke ukarudi. Vijidudu vimesamehe, Mhariri. Mimi bado.

Jani likianguka, nitrojeni na fosforasi iliyomo, chakula cha mimea, haipotei, lakini mzizi hauwezi kuitumia, kwa sababu mzizi hauna meno wala tumbo. Lazima mwingine atangulie. Kuvu hupenyeza nyuzi zao na kuvunja hata ule ugumu wa mti unaowashinda wengi. Bakteria humalizia, na nitrojeni hutoka ikiwa amonia. Mnamo 1890 mtafiti wa vijidudu Sergei Winogradsky alionyesha kwamba hata hapo kazi imegawanywa: kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa naitraiti, kundi jingine hugeuza naitraiti kuwa naitreti, na naitreti ndiyo mimea mingi huinywa kwa wingi. Taka ya mmoja ni riziki ya mwenzake. Kisha wapo wanaofanya kinyume, pale penye maji yaliyotuama na hewa haba: wanairudisha nitrojeni angani. Pasipo hao wote, majani ya miaka yote yangekuwa bado yamelala yalipoangukia, na miti imesimama juu yake na njaa.

Na hewa yenyewe, asilimia 78 ni nitrojeni, lakini mmea hauwezi kuigusa. Ng'oa mmea wa jamii ya mikunde, kama maharagwe, tazama vinundu kwenye mizizi, kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa na wekundu ndani, kinafanya kazi. Rangi hiyo ni ya protini iliyo ndugu na ile ya damu yako. Mwaka 1888 mtafiti wa vijidudu Martinus Beijerinck aliwatenga bakteria wanaoishi humo, wale wanaoigeuza nitrojeni ya hewa kuwa chakula cha mmea. Sisi binadamu, ili tuigeuze nitrojeni hiyo hiyo kuwa mbolea kiwandani kwa njia ya wanakemia Fritz Haber na Carl Bosch, twahitaji joto la zaidi ya nyuzi 400 na mgandamizo zaidi ya mara mia wa hewa tunayovuta. Bakteria anaifanya kwenye tope, kimya, na malipo yake ni sukari kidogo kutoka kwa mmea.

Sikatai kwamba wapo waovu. Wa pepopunda anakaa udongoni, na mwenye jeraha ajihadhari. Nawa mikono. Lakini hata jambazi mmoja akikamatwa mjini, hatuchomi mji.

Tena, nikiwa nimeshakasirika: nani aliamua kwamba vitabu vya shule vichore mzunguko wa nitrojeni kwa mishale mitupu? Mshale hauozeshi jani. Mtoto anakariri duara, anafaulu mtihani, anakua mtu mzima, kisha kila Jumamosi anakusanya majani yaliyokauka na kuyatia kiberiti eti anafanya usafi. Nitrojeni karibu yote inapanda na moshi, anabaki na jivu. Jirani yangu ni mmoja wao, na moshi wake unaingia dirishani kwangu wakati ninaandika barua hii.

Siombi mchapishe masahihisho; najua mnayaweka wapi, chini ya matangazo, kwa herufi za kusomea kwa darubini. Naomba hivi. Chukueni ukurasa wenyewe wa makala ile, ukateni vipande viwili. Kimoja kifukieni shubiri moja chini ya udongo wenye unyevu uliofunikwa majani. Kingine kiwekeni kwenye kabati la mhariri wa afya. Baada ya miezi mitatu fukueni. Mkimkuta yule bakteria wa meno ya msumeno bado yupo kwenye karatasi, nitaomba radhi kwa maandishi.

Msomaji wenu, mwenye lundo