Jaji amtazame kijana, si uzuri wa mbwa

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wanaofikiria kuandaa mashindano ya vijana kuongoza mbwa mbele ya jaji hapa Mtwara kwamba anayepewa alama ni kijana. Mbwa koko wa Mikindani aliyeongozwa vizuri anamshinda mbwa wa kizungu anayeburutwa.

Jaji aanze na mkono. Kamba hushikwa upande alipo mbwa, kwa kawaida kushoto, ikiwa imekunjwa kiganjani bila kuning'inia. Ikikazwa muda wote, mbwa huinua kichwa na hatua zake huharibika. Kisha mwendo: kwenda na kurudi moja kwa moja, halafu kwa njia ya pembetatu. Hapa ndipo wengi hukosea, maana kijana hapaswi kukaa kati ya jaji na mbwa. Jaji akihamia upande wa pili, kijana naye ahame taratibu, kwa kupitia mbele ya mbwa, bila kumruka. Akiombwa kuonyesha meno ya mbwa, afunue midomo kwa vidole huku kichwa chake mwenyewe akikiweka pembeni, asimzibe jaji.

Wapo majaji wanaotoa alama kwa tabasamu na nguo. Huo ni uvivu tu.

Umri nao utenganishwe. Marekani hushindana wenye miaka 9 hadi chini ya 18, lakini kwa kawaida kwa makundi ya umri.

Tena yaishe kabla ya saa nne asubuhi, kwenye kivuli cha mikorosho, kwa sababu mchanga wa jua kali huunguza nyayo. Vyeti vya chanjo ya kichaa cha mbwa vikaguliwe langoni.

Mfugaji wa mbwa,
Mtwara