Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Walimu wa Kiswahili

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote. Hesabu za chama atazisoma mweka hazina. Muda wangu nitautumia kwa jambo lililotushughulisha zaidi mwaka huu: kumjua mwanafunzi ili tumfundishe ipasavyo.

Tangu mtaala mpya wa sekondari uanze mwaka 2020, Kiswahili ni somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili. Darasa moja hukusanya watoto wa pembe zote za Uganda, nasi tunawafungulia ukurasa uleule kana kwamba wamelelewa nyumba moja.

Tulipotembeleana madarasani jambo hili lilijitokeza wazi. Mtoto anayezungumza Luganda nyumbani huandika "bitabu" kwa kuwa anafuata "ebitabo" ya kwao. Mkimbizi kutoka Kongo naye huandika "bitabu", lakini hicho ndicho Kiswahili alichokulia, na anakisema kwa wepesi unaotushinda baadhi yetu. Mwacholi huandika "vitabu mzuri", maana lugha yake haina ngeli. Wa kwanza aonyeshwe kwamba ngeli anazo tayari. Wa pili afundishwe Kiswahili sanifu bila kudharauliwa kile cha mama yake. Akichekwa mara moja, hanyanyui mkono tena. Wa tatu aanzie mwanzo kabisa, taratibu. Kalamu nyekundu huwapa wote alama ya kosa na haimsaidii hata mmoja.

Halafu kuna tathmini endelevu, inayochangia asilimia 20 ya matokeo ya UCE, cheti cha taifa cha kidato cha nne. Utampaje mtoto alama za haki kwa kazi za darasani ikiwa hata jina lake hulijui?

Najua madarasa yamefurika, na kilio hicho tutaendelea kukifikisha wilayani. Hata hivyo, wenzetu walioanzisha daftari la wanafunzi, wakaandika lugha ya nyumbani, shule ya msingi aliyotoka mtoto na umbali anaotembea asubuhi, wanasema wachache kwa siku wanatosha. Mmoja wao aligundua kwamba kijana aliyemdhania mvivu hutoka nyumbani kabla ya mapambazuko. Nimefurahi sana kuliona daftari lile.

Kamati inapendekeza kila mwanachama aanze na darasa moja la kidato cha kwanza muhula ujao, na wiki mbili za mwanzo ziwe za mazungumzo kabla ya sarufi. Naomba tulijadili pendekezo hili na kulipigia kura leo.