Baba, ule mwembe mkavu usiukate

Bristol, Uingereza, Februari

Baba, shikamoo.

Natumai barua hii itawakuta wazima hapo Muheza. Mimi sijambo, ila mikono imejaa mikwaruzo.

Kila Jumamosi naenda kujitolea kwenye bustani ya matunda ya mtaa. Usicheke. Najua nilivyokuwa nikijificha kwa bibi ukinitafuta twende kwenye michungwa. Leo napogolea miti ya watu, bure, kwenye baridi ya kukata masikio. Bustani ni ya wakazi wote. Miti ni ya epo, si matofaa yetu. Hupogolewa majira haya kwa kuwa mti umelala, hauna jani, kila tawi unaliona.

Mzee anayetusimamia anasema mti uliopogolewa sawasawa, njiwa hupita katikati asiguse tawi. Nikakusikia wewe: "Jua liingie tumboni mwa mti." Siku ya kubebesha miche, kuunga kijiti cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, nikamwambia kwetu chungwa hubebeshwa juu ya mlimao. Akaweka kisu chini, akataka nimweleze yote. Nikajifanya mtaalamu, na maneno yote yalikuwa yako.

Ng'ambo ya uzio kuna hifadhi ndogo, bwawa na nyasi ndefu. Huko ndiko nilikoshangaa. Nyasi zikishafyekwa mwisho wa kiangazi, hukusanywa zote zikatolewa nje, maana zikioza pale udongo unanona, na udongo ukinona nyasi zinayameza maua ya mwitu. Mimi niliyekulia kubeba samadi! Kupogolea ua wa miti nako lazima tukumalize mwezi huu, kwani Machi ndege wanaanza viota. Na mti uliokufa hauguswi: wadudu wanakula humo, ndege wanataga matunduni.

Ndipo nikaukumbuka ule mwembe mkavu karibu na kisima. Kaka ameniambia unataka kuuchoma mkaa. Baba, hondohondo wale wanaotuamsha alfajiri hawawezi kutoboa mti wenyewe. Wanatafuta tundu kubwa lililokwisha kuwapo, jike anaingia, mlango unazibwa kwa udongo, dume analeta chakula. Miti yenye matundu hayo haipatikani ovyo. Hesabu magunia uliyotarajia, uniambie bei, nitatuma. Uache mwaka mmoja tu.

Mama mwambie ile kanga aliyonifungashia naivaa shingoni nikipanda ngazi. Wazungu wananiuliza imeandikwa nini, nami kila wiki nawapa tafsiri nyingine.

Mwanao,
Zuhura