Si uzee tu, na si uchawi

Ndugu Mhariri,

Bibi yetu alipoanza kutia chumvi kwenye chai, nyumbani tulicheka tukasema ni uzee. Jirani akanong'ona kuwa karogwa. Kumbe kuna Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole, na ubongo wa mgonjwa wake huanza kubadilika miaka 15 hadi 20 kabla ya dalili: protini iitwayo amiloidi hujikusanya nje ya seli za neva, na nyingine, tau, hujisokota ndani ya seli hizo. Daktari Alois Alzheimer aliyaeleza haya mwaka 1906, ila kwa darubini, mgonjwa wake akiwa keshafariki.

Siku hizi mabadiliko hayo huonekana kwa mtu aliye hai. Katika koo za Antioquia, Kolombia, zinazorithishana jeni ya kuuleta ugonjwa huu mapema, kumbukumbu huyumba kwenye miaka 44 hivi. Picha za ubongo zilionyesha amiloidi tangu miaka 28. Vijana kabisa!

Basi magazeti msiuite kila mara ugonjwa wa wazee. Na kipimo cha damu cha ugonjwa huu kilichoidhinishwa Marekani Mei 2025 kwa wenye dalili, tuulizieni wizarani kitafika lini hospitali zetu za rufaa.

Msomaji wenu,
Tanga